Sirudi Kupungwa, Mama

Mji Mkongwe, Unguja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, kisha nauliza habari za magoti yako, maana najua masika ndiyo msimu wake wa kukusumbua. Baba anaendeleaje na kikohozi? Na Dada Rukia, ambaye najua ndiye anayekusomea barua hii, naye hajambo na wanawe? Dada, nakuomba unisomee neno kwa neno. Ukifika pahala pakali usiparuke wala usipalainishe. Mama ndiye aliyenizaa, sauti yangu anaijua.

Huku tupo. Mchele ni wa foleni na unga ni wa foleni, lakini hatujalala na njaa. Mume wangu Haji bado yuko kwenye ujenzi wa magorofa mapya ya Ng'ambo, anarudi jioni na saruji mpaka kwenye kope. Mjukuu wako Mwanaisha anakwenda skuli, na kila herufi anayofundishwa anaiandika kwa chaki kwenye mlango wangu. Nshachoka kuufuta, nimeuacha.

Barua yako nimeipata. Umesema Mjomba Sefu amekueleza aliyoyaona chumbani kwangu, kwamba mwanao ametoka katika dini, anamfuata Mhindi, anainama sakafuni kuabudu asichokijua. Umesema pepo la nyumba hii ya mawe ndilo lililonisukuma ngazini, na ndilo lililonikalia mgongoni mpaka leo. Umesema mganga wa ng'ambo ya mto ameshaitwa, siku ya ngoma imeshapangwa, mbuzi ameshafungwa uani, na mimi nipande boti nije Pangani nipungwe.

Mama, sirudi. Nimeliandika neno hilo mapema ili usipate tabu ya kulitafuta huko chini. Mbuzi mchinjeni mle kwa afya, au mwacheni azae. Mganga mwambieni mgonjwa amekataa.

Sasa nisikilize, maana Mjomba ameona kipande tu, tena amekiona akiwa na hasira.

Hakuna pepo aliyenisukuma. Ngazi ilikuwa imelowa. Unajua bomba liko chini uani na sisi tunakaa juu kabisa, na siku ile maji yalikuja kidogo nikaingiwa na pupa, nikabeba ndoo kichwani na nyengine mkononi. Ngazi zenyewe ni zile ulizoziona, za mbao zilizolika katikati, nyembamba, zimesimama kama za kupandia darini. Mguu uliteleza, nikashuka kwa mgongo mpaka chini. Mimba yangu ilikuwa ishaanza kucheza tumboni. Jioni ile haikucheza tena. Ulikuja ukanikanda kwa maji ya moto, ukanilisha uji kwa mkono wako, na ulipoondoka ulidhani nimepona. Hata mimi nilidhani hivyo.

Mgongo haukupona. Nikikaa kwenye cherehani kazini maumivu yalianzia kiunoni yakashuka pajani kama uzi wa moto unaovutwa. Nikisimama yananifuata, nikilala yananingoja. Usingizi ukanikimbia. Moyo ukawa unapiga mbio bila sababu, mlango ukigongwa nastuka, Mwanaisha akicheka kwa sauti namkaripia. Nilikuwa mkali hata kwa sufuria. Daktari aliyeniona nilipoanguka alinipima tena akaniambia mfupa uliopata ufa umeshaunga, lakini maumivu yanaweza kubaki hata jeraha likiisha, nijitahidi kutembea nisijilaze. Alisema kweli, ila kujitahidi vipi ndiyo sikujua.

Na unajua yote niliyoyafanya, mengine kwa amri yako. Nimeumikwa chuku mgongoni kutolewa damu. Nimechuliwa kwa mafuta ya karafuu mpaka ngozi ikachubuka. Nimekunywa kombe la aya za Kurani, nimefukizwa, nimevaa hirizi. Sikukataa hata moja, na sikejeli hata moja. Lakini kulipokucha mgongo ulikuwa pale pale.

Kilichoniuma kuliko mgongo ni sala. Nilikuwa siwezi kusujudu. Nilisali nimekaa kwenye kigoda, naashiria kwa kichwa tu. Dini inaruhusu, najua. Lakini kila nikisikia adhana nilijiona kama mtu aliyesimama nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Hapo ndipo alipoingia Mama Kanta. Mjomba amekwambia ni Mhindi, akaishia hapo, basi mimi nitakumalizia. Ni mama wa Kibaniani, mjane wa fundi saa, anakaa chumba cha chini nyuma ya pale palipokuwa duka la mumewe. Anakuzidi umri. Amezaliwa mtaa huu huu. Watoto wake wote wameondoka na wanamwita awafuate, naye anawajibu kwamba yeye hana kwao kwengine. Anapika achari ya ndimu anauza, na ukimpita pale chini bila salamu atakuita kwa jina mpaka urudi.

Siku moja nilikuwa napandisha kikapu cha mihogo. Nikafika ngazi za katikati, nikasimama, nimeshika ukuta. Akaniita kutoka mlangoni kwake.

"Asha."

"Naam, Mama Kanta."

"Kwa nini hupumui?"

"Mbona napumua."

"Hupumui. Toka chini mpaka hapo umeshika pumzi kama mtu anapiga mbizi. Weka kikapu. Njoo."

Nilipandwa na hasira, nilitaka kumwambia akapumue yeye. Lakini sikuwa na nguvu za kubishana, nikashuka, nikaingia. Akatandika jamvi, akanilaza chali, miguu akaniwekea juu ya kigoda, mkono wangu akauweka tumboni kwangu mwenyewe.

"Toa pumzi," akasema. "Polepole. Wewe itoe tu. Kuingia itaingia yenyewe."

"Hivi tu?"

"Hivi tu."

"Na dawa?"

"Dawa ya leo ni kulala chini na kutofanya kitu."

Mama, nilicheka. Nani katika mji huu ana nafasi ya kulala chini asifanye kitu? Lakini nililala. Nilipoinuka maumivu yalikuwapo, sitakudanganya, ila mabega yalikuwa yameshuka. Kumbe siku zote nilikuwa nimeyabeba masikioni, na sikujua.

Nikawa naingia kwake kila nikitoka kazini. Mazoezi yenyewe kwao yanaitwa yoga, baba yake alimfundisha tangu mdogo. Usidhani ni kujikunja kama wale wa sarakasi. Napiga magoti na viganja chini, naukunja mgongo juu kama paka aliyetoka usingizini, kisha naulegeza. Nalala chali navuta goti moja kifuani, naliacha, navuta jengine. Nakaa juu ya visigino nainama mbele mpaka pale mwili unapokubali. Kila kitu polepole, na pumzi ndiyo inayoongoza. Sheria yake ni moja. "Ikichoma, rudi," ananiambia. "Ikivuta tu, ngoja hapo." Mara nyingi nilikuwa na haraka, nikilazimisha, na kesho yake nilijuta. Akawa ananigonga begani kwa kidole: "Huyu si adui yako, Asha. Huyu ni mgongo wako. Muulize kwanza."

Tukimaliza tunakaa kimya, macho tumefumba, tunaisikiliza pumzi. Siku ya mwanzo alinong'ona maneno ya dini yake. Nikamwambia, "Mama Kanta, hayo mimi siyasemi."

Akafumbua jicho moja. "Nani amekwambia useme? Sema yako."

Basi mimi natoa pumzi na Alhamdulillahi, naye anasema lake, na jamvi linatutosha sote wawili.

Kukaa kimya kulikuwa kugumu kuliko kuinama. Nikifumba macho naona foleni, naona sare ambazo sijazimaliza, naona Haji juu ya jukwaa la ujenzi ubao ukimwondokea. Mama Kanta akanambia mawazo niyaache yapite, nisiyakaribishe chai wala nisiyafukuze kwa fimbo. Yakawa yanapita. Kisha siku moja, katikati ya ule ukimya, likaja la yule mtoto aliyeacha kucheza tumboni, na hilo halikupita. Nililia, Mama, kama ambavyo sikulia hata siku ya mazishi, maana siku ile watu wote walikuwa wananiambia nisilie, Mungu atanipa mwengine. Mama Kanta hakuniambia ninyamaze. Alikaa tu pale pale, miguu ameikunja, mpaka nikamaliza. Kisha akanimiminia chai ya tangawizi, akasema, "Huyo naye alikuwa amekaa mgongoni."

Ndiyo, Mama. Kama mnataka kujua aliyekuwa mgongoni kwangu ni nani, alikuwa yeye, na yeye hapungwi kwa ngoma.

Maneno yakaanza. Wanawake wa bombani wakasema Asha anafundishwa uchawi wa Kihindi. Kazini, kwenye karakana tunayoshona sare za skuli, msimamizi wetu Bi Zuwena akanikuta nimesimama kando ya cherehani nazungusha mabega, akanambia kama siwezi kukaa kama wenzangu basi nafasi yangu itapata mtu. Nikamwambia, "Bi Zuwena, hesabu nguo zangu jioni. Zikipungua nifukuze. Zisipopungua niache nisimame." Wenzangu wakaguna. Jioni akazihesabu mbele yangu. Hazikupungua hata moja, na mimi kesho yake nikasimama tena.

Haji ndiye aliyenitia wasiwasi. Si mtu wa kelele, unamjua. Alikuwa anakula huku haniangalii.

"Watu wanasema, Asha," akanambia.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nataka uende kwa Maalim. Akisema acha, utaacha?"

"Nitakwenda. Akishasema nitakujibu."

Maalim Khatibu ndiye aliyemfundisha Haji Kurani, ni mzee mkavu, hacheki ovyo. Nilikwenda na buibui langu na mgongo wangu, nikamweleza yote, hata kilio sikumficha. Akaniuliza, "Ukikaa vile unasema nini?"

"Namshukuru Mungu. Wakati mwengine sisemi kitu, nasikiliza pumzi tu."

"Na yule mama?"

"Anasema yake."

"Umewahi kuyasema yake?"

"Hata siku moja."

Akawa anakunja pindo la kanzu. "Basi usiyaseme. Kunyoosha viungo na kutuliza moyo sioni neno. Lakini watu watasema, binti yangu."

"Watu nshawasikia, Maalim. Nimekuja kukusikia wewe."

Akacheka, Mama. Haji anasema hajawahi kumwona anacheka. Akanambia nenda, nikaenda. Nakuandikia haya ili uyajue, lakini na hili ulijue: hata angesema acha, sijui kama ningeacha. Nisingesujudia sanamu, hilo mwenyewe nalijua bila kuambiwa. Ila kuinama, kunyooka, kuvuta pumzi, hayo Mungu ameyaweka katika mwili huu kabla sijajuana na mtu yeyote mtaani.

Muda ukapita. Sikuona siku ambayo mambo yaligeuka. Niliona tu kwamba nimelala mpaka alfajiri. Niliona kwamba Mwanaisha ananikalia mapajani tena bila kuniangalia usoni kwanza. Kisha mchana mmoja nilikuwa nasali laasiri, nimekaa kwenye kigoda kama kawaida, na nilipofika kwenye kusujudu mwili ukashuka wenyewe. Sikupanga. Magoti yakafika chini, mikono ikafika, na paji la uso likagusa mkeka. Ulikuwa unanuka vumbi na ukindu. Nilikaa pale muda mrefu kiasi kwamba Mwanaisha alikuja kunigusa kisogo kuona kama nimelala.

Sasa niambie, Mama. Hiyo ndiyo ibada ya masanamu aliyoiona Mjomba?

Maana Mjomba Sefu alikuja baada ya hapo, siku ambayo Mama Kanta ndiye aliyepanda kwangu. Alipanda bila kubisha hodi, akakuta mlango wazi, mimi nimepiga magoti na viganja chini, Mama Kanta kaniwekea mkono kiunoni. Akapiga ukelele mpaka njiwa wa dirishani wakaruka.

"Astaghfirullah! Asha! Unamsujudia nani?"

Nikamwambia, "Mjomba, karibu kitako. Nitakujibu nikisimama. Mgongo huu hauinuki kwa amri."

Hakukaa. Akamwambia Mama Kanta atoke. Mama Kanta akachukua kanga yake, akamwamkia kwa heshima, akashuka taratibu. Hilo, Mama, ndilo lililonichoma. Kunitukana mimi sawa, mimi mtoto wake. Lakini kumfukuza bibi yule chumbani kwangu kama paka! Nikainuka, nikamwambia, "Mjomba, wewe ni mkubwa wangu na nitakupikia ule. Lakini aliyetoka hapo ni mgeni wangu, na kesho atarudi."

"Utafunga mzigo uende kwa mama yako," akasema. "Una pepo. Na mumeo nitamwambia."

Haji alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na viatu vyake vya kazi mkononi. Nilimwangalia. Sikujua atasema nini, Mama. Moyo ulinienda mbio kama zamani. Nikatoa pumzi.

Haji akasema, "Mjomba, shikamoo. Leo asubuhi mke wangu ameinama akawasha jiko. Mwenyewe. Nilikuwa nimeshasahau kama anaweza. Kama hilo ni pepo, basi mwache akae."

Mjomba alikula samaki wangu, hilo pia hakukwambia, akarudi kwake na hadithi aliyokuletea.

Sitaki udhani nimekuwa mpya. Siku mbaya zipo. Kukiwa na baridi, au nikisimama foleni mpaka miguu ikafa ganzi, maumivu yanarudi na nalala chini miguu juu ya kigoda kama siku ya kwanza. Tofauti ni kwamba sasa najua la kufanya, na siyaogopi. Zamani yalikuwa yanakaa kwenye kiti na mimi nikisimama. Sasa kiti ni changu.

Na Bi Zuwena, yule msimamizi, juzi amenivuta pembeni, anajisugua shingo. "Hebu nioneshe hicho unachofanya mabegani," akanambia, huku anaangalia nyuma kama mwizi. Nikamwonesha hapo hapo mbele ya karakana nzima, kwa sauti, mpaka wa mwisho kule nyuma akasikia. Kama ni siri basi na iwe siri ya wote.

Kwa ajili yako nina hili, Mama, na usimsikilize Mjomba. Asubuhi kabla hujainuka kitandani, nyoosha mguu mmoja polepole huku unatoa pumzi, ukunje, kisha wa pili. Usiharakishe. Ikichoma, acha. Ukimaliza kaa kidogo na mikono mapajani, mtaje Mungu kwa kila pumzi, usiwaze kuni wala nazi. Fanya hivyo hata kama Dada Rukia anakucheka. Dada, usimcheke, fanya naye.

Nisalimie Baba, umwambie simjibu yeye, namjibu mganga. Nisalimie Bibi mzaa baba, na shangazi yangu aliyenisuka nywele siku ya harusi, na yule mkunga mzee aliyenipokea duniani, najua ataifahamu barua hii kuliko wote hapo uani. Nisalimie Mjomba Sefu pia, kwa heshima zote, na mwambie mlango wangu uko pale pale, ila abishe hodi. Haji anakuamkia. Mwanaisha anataka umwekee embe. Na Mama Kanta, ambaye hujapata kumwona, anasema mwanao ni mbishi, na amelisema kwa furaha.

Nikipata ruhusa ya kusafiri, Idd nitakuwa Pangani. Nitakuja kukusalimu, sitakuja kutibiwa. Asitumwe mtu gatini kunipokea mzigo. Nitaubeba mwenyewe mpaka mlangoni kwako, tutakaa mkekani wewe na mimi tuongee mpaka tuchoke, na wakati wa kuinuka asinishike mkono mtu.

Mimi mwanao, mwenye mgongo wake,

Asha binti Omari